Sindano Iliyoimba Gizani

Binti yangu kanipa kipande kimoja cha spika zake za masikioni: "Baba, huyu mama anaimba au anaongea?" Nikamwambia anaimba. Akaguna, hakuamini. Nami nikawa niko Kisauni, Mombasa, kwa mjomba.

Mjomba alikuwa baharia, na mishahara ya bahari iliishia kwenye kabati la santuri. Kutazama ruhusa, kugusa marufuku. Usiku ule alikuwa kaweka Getz/Gilberto, albamu ya bosanova, muziki wa Brazili, mkaza mjomba anakuna nazi mlangoni. Ikafika Corcovado, ambayo Astrud Gilberto ndiye huifungua, kwa Kiingereza, kabla João, mpiga gita, hajaingia na Kireno chake. Hapo stima zikapotea.

Spika zilikata, lakini sahani haikusimama mara moja. "Njoo, mjomba," akaniita. "Tega sikio hapa, usipumue." Ile sindano yenyewe ilikuwa inaimba. Kisauti chembamba kama cha mbu, kikazidi kuwa kizito kadiri sahani ilivyoishiwa nguvu, hadi Astrud akawa mwanamume mwenye usingizi, kisha kimya. Mjomba akaweka kidole juu ya lebo, akaanza kuizungusha mwenyewe. Akiharakisha, msichana, akichelewa, mzee. Saksafoni ya Getz ikaingia imelewa. Vichwa vyetu viligusana. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akicheka kwa pua.

"Kwani nani huyo aimbaye?" mkaza mjomba akauliza kutoka gizani.

"Mke wa mpiga gita."

"Hana jina?"

Kidole kikasimama.

Mbele ya jalada lile wametajwa Getz, João Gilberto na Jobim mpiga piano, basi. Walirekodi New York, Machi 1963. Astrud hakuwa mwimbaji wa kazi, ila alijua Kiingereza. Sauti yake ndiyo iliyoivusha bosanova, na mwaka 1965 albamu ikachukua Grammy ya albamu bora. Amefariki Juni 2023. Hayo nimeyasoma ukubwani.

La mkaza mjomba nililisikia kwa mama, tena kwa kupitia tu: kabla ya kuolewa alikuwa akiimba harusini, watu wakimtuza mpaka alfajiri. Nyumbani mle sikuwahi kumsikia hata akivumisha wimbo. Sitaki kumtia mjomba hatiani; alikuwa mpole, na huenda mkewe alichoka mwenyewe. Huenda pia aliuliza tu. Alikuwa mtu wa maswali, na nazi ilikuwa bado haijaisha.