Mizani ya chuma chakavu ndiyo iliyonichagulia gari la kuvuta boti

Boti yetu ni ya faiba, ina urefu wa mita 6 na injini ya nje ya farasi 60, na hulala uani kwetu Tanga badala ya kulala majini. Injini inayoachwa usiku kwenye boti iliyotiwa nanga haina hakika ya kuonekana asubuhi. Tena upepo wa kusi ukishashika, kuanzia Aprili au Mei, safari ya baharini kutoka Tanga hadi Pangani huwa ya kulowana na kuchoma petroli bure, hivyo tukitaka kuvua upande wa kusini huona nafuu kuivuta boti kwa barabara na kuishusha huko huko. Mimi na mdogo wangu tumekuwa tukifanya hivyo kwa miaka 4 sasa, na mwaka wa kwanza tulifanya vibaya kwa sababu hatukuwa na gari linalostahili.

Gari la mwanzo lilikuwa la shemeji yangu, gari dogo la mjini ambalo nyuma lina maandishi ya kujigamba kwamba magurudumu yake yote manne yanavuta. Kwenye lami lilikokota tela bila kulalamika, nasi tukaridhika. Siku moja ya bamvua tulirudi kutoka baharini saa saba mchana, maji yakiwa yanajaa kwa kasi, kwa maana siku kama hizo bahari ya kwetu hupanda zaidi ya mita 3 katika muda wa saa sita hivi. Tulirudisha tela majini, tukaipandisha boti kwa winchi, nikakanyaga mafuta. Magurudumu ya mbele yalichimba mchanga, ya nyuma yakazunguka kidogo kisha yakakoma kabisa, taa ikawaka kwenye dashibodi, na harufu ya kitu kilichoungua ikatujaa puani. Wavuvi wa pale dikoni, wasiopungua kumi na watano, walifunga kamba wakatuvuta gari, tela na boti kwa pamoja, wakati maji yalikwisha kufika usawa wa bampa. Shemeji hakusema neno, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko matusi.

Baadaye fundi alinieleza kilichotokea. Katika magari mengi ya namna hiyo ekseli ya nyuma haijaunganishwa moja kwa moja na ya mbele, bali hupewa nguvu na klachi inayobanwa kwa umeme pale magurudumu ya mbele yanapoteleza, na klachi hiyo ikipata joto kupita kiasi kompyuta huiachia ili isiharibike. Kwenye tope la mtaani, sekunde chache za msaada hutosha. Mchangani, huku nyuma kuna boti, sekunde chache ni mwanzo tu wa kazi. Zaidi ya hayo gari lile halikuwa na gia nzito ya pili, ile inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu, ambayo leo naiona kuwa ndiyo nusu ya thamani ya gari zima.

Nilipoanza kutafuta gari langu, kila niliyemwomba ushauri alinijibu kwa jina la gari. Hakuna aliyeniuliza boti ina uzito gani, na hata mimi nilizoea kusema "kama tani moja hivi" kwa kujiamini kabisa. Mzee mmoja jirani, aliyeendesha malori ya mkonge ujanani mwake, ndiye aliyenikata kauli: "Mwanangu, nenda kapime kwanza, ndipo uje tuzungumze magari." Nikalipeleka tela kwa mnunuzi wa chuma chakavu mwenye mizani ya kupimia magari, nikamlipa kijana wa pale hela ya soda, na mizani ikasoma kilo 1,640.

Sikuamini, nikaomba ipimwe tena, ikarudia namba ile ile. Nyumbani nilikaa na kalamu. Tela lenyewe, la chuma kilichochovywa zinki, lilikuwa na kilo 430. Injini kilo mia moja na ushei. Petroli ya tangi la lita 100 kilo 74 hivi. Na bodi ya faiba nilikuwa nimeambiwa na aliyeniuzia kwamba ni kilo 820. Bado kulikuwa na kilo mia mbili zisizo na mwenyewe. Sehemu yake ilikuwa nanga, mnyororo, sanduku la barafu, makoti ya kuokolea maisha na kamba zilizolowa, na sehemu nyingine ilikuwa maji yaliyonaswa chini ya sakafu, ambayo tulipofungua kizibo cha nyuma yalitoka kwa muda mrefu hadi mdogo wangu akaenda kunywa chai na kurudi. Hata hivyo niliamua kutumia ile 1,640 katika hesabu zangu zote, kwa sababu boti inayotoka baharini huwa na maji ndani yake.

Namba hiyo iligeuza swali lote. Vitabu vya magari hutaja mipaka miwili ya kuvuta, na wauzaji hupenda kuutaja ule mkubwa tu. Kwa magari mengi ya aina hii, tela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750, na lenye breki ni kati ya tani 2 na tani 3 na nusu, kutegemea modeli, injini na nchi ambayo gari lilitengenezewa. Tela letu halikuwa na breki. Maana yake ni kwamba hapakuwa na gari hata moja katika orodha yangu, liwe kubwa namna gani, lililoruhusiwa kulivuta kama lilivyokuwa. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa ekseli ya tela yenye breki za kusukumwa, ambazo hufanya kazi pale gari linapopunguza mwendo, tela likalisukuma kwa mbele, na msukumo huo ukavuta waya wa breki kutoka kwenye kichwa cha tela. Kununua breki kabla ya gari kulinifanya nichekwe, lakini ningelirudia hata leo.

Mpaka wa tatu ni uzito wa jumla wa gari, abiria, mizigo na tela vikiwa pamoja, na hapo ndipo magari mengi hukwama, kwa kuwa kila mtu wa ziada na kila kreti ya soda huliwa kutoka kwenye fungu la tela. Nikajiwekea na sharti langu mwenyewe, kwamba gari liwe zito kuliko tela, kwa sababu nimeshaona barabarani mkia ukimwongoza mbwa.

Magari yaliyobaki yalikuwa manne. Hilux ya milango minne yenye dizeli ya lita 2.5 ilinivutia kwa karatasi: matoleo yake ya baadaye yana nguvu ya mzunguko ya nyutonimita 343, na umbali kati ya ekseli zake ni milimita 3,085, jambo linalotuliza tela. Kasoro niliyoiona ni mkia mrefu, kwani kichwa cha kuvutia hukaa mbali nyuma ya ekseli, na hapo kila kilo ya tela hupata wenzo wa kuinua pua ya gari. Prado la miaka ya 2000 lilikuwa na starehe, gia za kujiendesha na magurudumu manne yanayovuta wakati wote, ila ekseli zake zimekaribiana zaidi, milimita 2,790. Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, nyutonimita 265 tu, niliipenda kuliko zote kwa moyo, na kama ningekuwa na karakana yangu labda ningeichukua. Mjini kwetu mafundi wanaoijua vizuri wamebaki wachache na wamezeeka. La mwisho lilikuwa Land Cruiser Hardtop refu, lile ambalo wengi huliita mkonga kwa sababu ya bomba lake la kuvutia hewa, lenye injini ya 1HZ.

Ukisoma takwimu peke yake, 1HZ inashindwa. Ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, bila tabo, na nguvu yake ya mzunguko ni nyutonimita 285, pungufu kabisa kuliko ile Hilux ndogo. Lakini nguvu hiyo huipata kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika, yaani chini sana, na pampu yake ya dizeli ni ya mitambo mitupu. Gari litakaloingizwa kinyumenyume kwenye maji ya chumvi kila wiki ni heri liwe na nyaya chache. Uzito wake unazidi tani 2 likiwa tupu, chasisi yake ni ya gari la kazi, umbali wa ekseli ni milimita 2,980, na gia nzito ipo. Nililipata kwenye mnada wa magari yaliyostaafishwa na taasisi moja, likiwa limechakaa viti na rangi.

Nililala chini yake kwa karibu saa nzima kabla ya kutaja bei. Nilikagua kutu kwenye chasisi pale springi za nyuma zinapofungwa, uvujaji wa oili kwenye difu, na kama gia nzito inaingia bila kupigana. Chuma cha kuvutia kilichokuwepo nilikikataa, kwa kuwa kilikuwa kimechomelewa kwenye bampa badala ya kufungwa kwa bolti kwenye chasisi yenyewe, na sijui ni nani aliyekuwa akikiamini. Cha kwangu kilitengenezwa upya, chenye tufe la milimita 50. Hapo nilijifunza kwamba tufe la Marekani la inchi 2 ni milimita 50.8, na kichwa cha tela cha milimita 50 huligomea au hulishika kwa kulazimishwa, kwa hiyo mtu apime kwa kalipa, asiamini macho.

Safari ya kwanza tela lilianza kuyumba tulipofika mwendo wa kilomita 75 kwa saa. Nilidhani ni matairi. Kumbe Hardtop liko juu sana, kichwa cha kuvutia kiliinua pua ya tela, na uzito wa boti, ambayo kwa kawaida injini yake iko mwisho, ukaangukia nyuma. Tuliweka mizani ya kupimia magunia chini ya ulimi wa tela ikasoma kilo 45, wakati kwa tela la uzito ule inatakiwa ifike walau 80 na inaweza kwenda hadi 160. Tulishusha kichwa cha kuvutia kwa sentimita 14 na kusogeza nguzo ya winchi mbele kidogo ili boti ikae mbele zaidi, tukapata kilo 120, na tangu siku hiyo tela hufuata kama kondoo. Faida nyingine ilionekana kwenye kivuko cha Pangani, ambako mkia wa tela ulikuwa ukikwaruza tulipopanda kwenda Bweni.

Dikoni nako kuna mambo yake. Magurudumu ya nyuma ndiyo hukaa kwenye mwani na mchanga uliolowa, ya mbele yakabaki pakavu, kwa hiyo ni yale ya mbele yanayoitoa boti. Hardtop langu halivuti kwa manne mpaka ushuke ufunge loki za magurudumu ya mbele kwa mkono. Mara ya kwanza nilisahau, nikasukuma gia, taa ya magurudumu manne ikawaka, na gari likachimba kwa nyuma tu mbele ya wavuvi wale wale. Sasa nafunga loki kabla ya kurudi nyuma, napunguza upepo wa matairi kutoka 36 hadi 18, naingiza gia nzito, kisha natoka na gia ya pili bila kuichezea klachi. Juu ya lami kavu nazifungua tena, kwani gari hili halina difu ya katikati na magurudumu manne yaliyofungwa pamoja hugombana kwenye kona. Nakiri kwamba kwa kurudisha tela taratibu, gia za kujiendesha zingeniondolea taabu nyingi.

Beringi za tela huuliwa na haraka. Habu ikiwa ya moto kutokana na safari, ukiizamisha ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta chumvi kupitia sili. Tukifika huwa tunakaa nusu saa kwanza, na tukirudi nyumbani tunaosha habu na breki kwa maji matamu.

Mwaka jana tuliivuta boti hadi Dar es Salaam kwa matengenezo ya injini. Likiwa peke yake gari hili hula lita moja kwa kilomita nane, na likiwa na tela ni tano na nusu. Kwenye vilima kati ya Segera na Chalinze mabasi yote yalitupita, na hata lori moja la mahindi, lakini kwenye mteremko wa Wami, ambako zamani nilikuwa nikishika usukani kwa jasho, nilishuka na gia ya tatu nikisikia breki za tela zikifanya kazi yake nyuma yangu.

Mwezi uliopita nimerudi kwenye mizani ile ya chuma chakavu, na safari hii imesoma kilo 1,730. Mdogo wangu aliapa kwamba hakuna kilichoongezeka. Tulipofungua sanduku la mbele tulikuta nanga ya pili, betri mbovu ya lori na nusu mfuko wa mchanga, na hadi leo hajanieleza mchanga ule ulikuwa wa nini.