Unga wa Mbao

Jumamosi iliyopita nilikwenda na binti yangu kwa seremala wa Majengo kuagiza kitanda chake, na kabla hatujapatana bei, msumeno ukaingia katika ubao mbichi wa mkaratusi, harufu ikapanda, nami nikaduwaa kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka nyuma. "Papa, unanusa nini?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba ninanusa raga. Alinitazama kwa huruma, kisha akaendelea kuchagua rangi ya vanishi.

Kocha alitufundisha uhasibu asubuhi na raga jioni, na sidhani kama aliona tofauti kubwa kati ya hivyo viwili, kwa kuwa katika vyote alidai kila mmoja aeleze kilichokuwa mikononi mwake kimekwenda wapi. Raga aliipata Kampala alikosoma, akarudi nayo Goma kama wengine wanavyorudi na mchumba ambaye ukoo haumjui. Fainali ya Kombe la Dunia la raga, tarehe 24 Juni 1995 mjini Johannesburg, aliisimulia kila muhula: Mandela ndani ya jezi nambari 6 ya nahodha, dakika za nyongeza, Joel Stransky akiudondosha mpira na kuupiga palepale ulipogusa ardhi, Afrika Kusini 15, New Zealand 12. Alisimulia kama aliyekuwapo, ingawa sote tulijua kwamba aliitazama kwenye televisheni ya jirani.

Anayeijua Goma anajua taabu yetu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga lava katikati ya mji hadi ziwani, na hata pale ambapo moto ule haukupita, chini ya miguu yetu kuna lava ya zamani zaidi iliyofunikwa na vumbi jeusi la kudanganya macho. Jiwe hilo ni zuri kwa kuta. Ukiliangukia, linachana goti kama chupa iliyovunjika. Uwanja wa Unité ulikuwa wa kandanda, nasi tukabaki na kiwanja nyuma ya madarasa, ambako kwa mwaka mzima Kocha alitukataza kuangushana. Tulikimbia, tulirushiana mpira kwa nyuma, maana katika raga haurushwi mbele kwa mkono, na aliyeguswa kiunoni kwa mikono miwili alisimama. Kila mazoezi yalianza kwa kuokota mawe, na kila wiki ardhi ilizaa mengine.

Halafu siku moja ya kiangazi, mwaka 2009, aliingia akitembea nyuma ya chukudu mbili, zile baiskeli zetu za mbao zisizo na pedali, zilizolemewa na magunia ya unga wa mbao. Aliwaomba maseremala, na kwa kuwa hakupenda vya bure, aliwalipa kwa kuwapigia hesabu za mwezi. Tuliumwaga na kuusambaza, hatua 4 kwa hatua 12, ukafika kwenye vifundo vya miguu. Sijawahi kuona watu wazima wakikitazama kitanda kwa woga namna ile.

Alivua miwani, akachomeka suruali yake ya kazini ndani ya soksi, akachukua mpira. "Wewe," akaniambia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kwa mwili, "niangushe." Alikwisha kutueleza namna: kichwa kikae nyuma ya makalio ya anayekimbia, kamwe kisiwe mbele ya magoti yake, bega lizame kwenye paja, mikono ifunge, miguu isiache kusukuma. Niliyajua yote hayo kwa moyo. Lakini nilikuwa nimelelewa katika nyumba ambamo kumpa mtu mzima kitu kwa mkono mmoja lilikuwa kosa, na huyu aliyekuwa akinijia mbio, amekumbatia mpira, mwenye mvi kwenye masikio, alikuwa rika la baba yangu. Alipofika nilimpokea tu. Nilimshika kiunoni taratibu, tukasimama tumekumbatiana katikati ya unga wa mbao.

"Kijana, unanisalimia ao unanikamata?"

Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. Mara ya pili nilifumba macho, akanipita. Mara ya tatu, sijui kama ilikuwa aibu au hasira, niliinama, nikaona paja lake tu, nikaingia. Nakumbuka mlio wa pumzi ikimtoka, nakumbuka harufu ile ya mkaratusi ikitufunika wote wawili, na nakumbuka ukimya, kwa maana hakuna aliyethubutu kucheka tena. Kisha akacheka yeye, mdomo umejaa unga. "Ndivyo!" Na akiwa bado amelala chali, akaanza kutufundisha kwamba aliyeangushwa hana haki ya kung'ang'ania mpira, auachie mara moja, akaunyosha upande wa wenzake, polepole, kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia haukusogea. Wenzangu walitazama mpira. Mimi niliutazama mkono.

"Pole, Papa," nikasema. Akaniambia nisimharibie somo.

Kitanda chetu kilidumu mpaka mvua ilipokigeuza uji. Tulicheza mechi chache na vijana wa ng'ambo ya mpaka, tukashindwa karibu zote. Kocha aliendelea kufundisha, raga na uhasibu, lakini tangu wakati huo aliandika kwenye nusu ya chini ya ubao peke yake, na nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba ubao umepandishwa.

Alifariki mwaka 2018. Kwenye matanga nilikaa karibu na mjane wake, naye, akinimiminia chai, akaanza kuzilalamikia chukudu.

"Ile iliyomgonga ilimharibia bega kabisa, mwanangu. Miaka tisa ninamvalisha koti mimi. Na yule kijana hata hakusimama."

Kikombe kilikuwa cha moto, nikakihamishia mkono wa pili. Nikamwambia kwamba ni kweli, mama, chukudu zinateremka kwa kasi mno.