Adui wa gemu mpe kazi, huruma itakuja yenyewe

Wengi wanaoandika stori za gemu wakitaka adui aonewe huruma wanakimbilia utotoni. Mama kauawa, kijiji kimechomwa, basi dogo kakua na hasira za kuangamiza dunia. Unawekewa kivideo na muziki wa huzuni halafu unarudishwa kumpiga mpaka afe. Mi hainigusi hiyo. Raha ya gemu, muvi haina hii, ni kwamba batani unabonyeza wewe.

Chukua Warcraft III ya 2002, gemu ya vita ya kompyuta. Arthas ni mtoto wa mfalme na mwanzoni ndo steringi wenyewe, unamwongoza. Anafika mji wa Stratholme anakuta nafaka yenye tauni imeshasambazwa mjini na muda wowote watu watageuka mizoga inayotembea, anaamua wauawe kabla. Mwalimu wake Uther anakataa, rafiki yake Jaina naye anaondoka, unabaki wewe na mausi yako, na kibaya zaidi wameifanya mashindano, inabidi uue raia 100 kabla pepo Mal'Ganis hajawachukua 100 wa kwake. Yani uko bize unahesabu usizidiwe! Baadaye jamaa anamuua mpaka baba yake, unashtuka, ila utasemaje humwelewi na pale mjini mlikuwa wote?

Big Smoke wa GTA San Andreas, mshkaji wa steringi (kama ulikulia kwenye vibanda vya gemu Bongo unamjua) ni tofauti. Tulimpenda kwa vituko na kula kwake, akatusaliti, na sababu tunaambiwa akiwa anakata roho, kwamba hela na ukubwa vilimnogea. Inauma, ila inauma kwa urafiki tu.

Sasa hapa Dodoma mi na washkaji tuna kigemu chetu, stori naandika mimi, adui ni dalali wa zabibu. Mchoro wa kwanza ulikuja na kitambi, miwani myeusi na kicheko cha kishetani, nikasema hapana, huyu hata Hombolo kwenye mashamba ya zabibu hajawahi kukanyaga. Zabibu ikishavunwa haisubiri mtu, kama huna chumba cha baridi wala kiwanda cha kukupokea inaoza unaiona, mkulima anajua na dalali anajua, ndo mana bei ya jioni sio ya asubuhi. Lakini dalali nae hela ya gari kakopa, mzigo ukimuozea njiani hakuna wa kumfidia.

Kwahiyo mwanzo wa gemu hupigani nae, umeajiriwa kwake. Una mizani na hela za bosi, anakuja bibi na kreti zake, "mjukuu wangu hebu niongezee kidogo." Ukimuongezea kila mtu, jioni hela ya kulipia gari haipo, mzigo unalala, asubuhi unazikuta zinatoa maji. Ukibana, gari linaondoka. Waliojaribu karibu wote wamebana, na kuna mmoja akaanza kuwakalisha wazee juani makusudi ili bei ishuke, hilo wala hatukumfundisha, gemu inaruhusu tu. Mbele unacheza upande wa mkulima, na dalali anakujibu kwa maneno yaleyale uliyomchagulia bibi.

Tunachobishana saivi ni mwisho. Mshkaji anayechora anataka lazima achapwe, anasema watu watadai hela yao. Mi nataka ajaze gari lake, akulipe pungufu, akuage kwa heshima zote "haya mzee, tukutane msimu ujao", aondoke.