Susu

Nilifika Lamu Agosti 2019, kusi ikivuma, na boti ya kutoka Mokowe ikaturusha mpaka waliokaa mbele wakaloa chepechepe. Wiki mbili nyuma, katika maabara niliyokuwa nikifanya kazi Uingereza, nilikuwa nimeua seli za kazi ya miezi miwili kwa usiku mmoja.

Mama hakutaka kunisikiliza nimekaa bure. Alinipa upawa niangalie tui la mchuzi, mwenyewe akakaa juu ya mbuzi kukuna nazi ya wali.

"Haya, sema. Umeharibu nini?"

Nikamweleza. Seli shina tulizokuwa nazo, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, hazikui zikielea hivi hivi, lazima zipate pa kushika. Kwa hiyo tulizikuza juu ya vishanga vidogo kama mchanga laini, ndani ya chombo kiitwacho bioriakta, kwenye joto la nyuzi 37. Vishanga vikituama chini, hugandamana na seli za katikati hukosa oksijeni. Ndiyo maana chombo kina pangaboi la kukoroga. Usiku ule niliona vimetuama. Nikapandisha mwendo kutoka mizunguko 40 kwa dakika hadi 90, nikaenda zangu kulala. Asubuhi kwenye hadubini vishanga vilikuwa uchi, vinang'aa kama vya kununua jana, na vipande vya utando vimetapakaa pembeni.

"Hukukoroga sawasawa," Mama akasema. "Hata tui ukiliacha hukatika."

Nikacheka, maana kwangu ilikuwa kinyume chake. Seli ya mmea ina ukuta, ya binadamu ina utando tu. Maji yakizunguka kwa nguvu huibandua, pengine huichana. Tui lilikuwa limeanza kutokota. Povu moja likapasuka, tone likanirukia kiganjani. Nikamwonyesha: hata ukiacha pangaboi ukapuliza hewa kutoka chini, povu linapopasuka juu huwa kama hivi, na seli zilizo karibu hazisalimiki.

Mama akaacha kukuna.

"Sasa mtoto mchanga hupekechwa? Si mumtie susuni!"

Nilibaki na upawa mkononi. Susu hilo lipo, na nilikuwa nimelisoma zamani: mwaka 1999 mhandisi Vijay Singh aliandika habari za mfuko wa plastiki usiojazwa pomoni, unaolazwa juu ya sinia linaloyumba huku na huku. Wimbi ndilo linalochanganya, hewa huingia kwa juu, pangaboi halimo. Nikamwambia Mama kwamba kuna aliyemtangulia. Hakufurahi.

"Basi kwa nini hukulitumia?"

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kujitetea, na nikaitumia vibaya. Nikamweleza kuwa mfuko unaoyumba haukui bila kikomo. Ukifika lita mia kadhaa, kuuyumbisha ni kazi. Nikaingia kwenye habari za bioriakta ya gurudumu la wima: pana, linazunguka taratibu ndani ya chombo chenye kitako cha mviringo, linaokota vishanga kutoka chini bila kuvipiga. Nikaweka upawa kando ili nichore hewani kwa mikono miwili jinsi linavyozunguka.

"Tui!"

Nilipogeuka, mafuta yalikuwa yamejitenga juu, na chini yake maji yenye vidonge vyeupe.

"Na hili nalo umeliua," Mama akasema, akaninyang'anya upawa.