Nairobi hadi New York kwa usiku mmoja

Ramani kwenye kioo cha kiti inasema kilomita 11,800 na ushei. Tiketi inasema saa kumi na tano. Miguu yangu iliisikia zaidi ile ya pili.

Tuliondoka JKIA karibu na saa sita usiku. Uwanja huo uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, na ndege iliyobeba mafuta ya safari kama hii hunyanyuka kwa nafuu hewa ikishapoa. Hata hivyo Dreamliner yetu ilikimbia kwa kitambo kabla ya kuiacha ardhi.

Kando yangu alikaa mama mmoja aliyekuwa akienda kumwona mjukuu. Kabla Kenya Airways haijaanza safari hii ya moja kwa moja, Oktoba 2018, alikuwa akipitia Amsterdam. "Kule nilikuwa nakimbizwa kama kuku, mwanangu. Hapa nikikaa, nimekaa."

Ikweta tuliivuka mapema mno, kisha tukashika kaskazini magharibi: Sudani Kusini, Chad, Aljeria. Sahara haikwishi! Unasinzia, unaamka, bado ni Sahara, na dirishani giza tupu. Tulikuwa tukielekea kule usiku unakoelekea, jua likitufuata kwa nyuma bila kutufikia. Kwa safari ya kwenda, kiti cha dirishani hakina maana. Chukua cha njiani, unyooshe miguu.

Jambo moja lilinifurahisha. Ndani ya ndege hii hewa hushindiliwa hadi iwe kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hivi. Mtu wa Nairobi ni kama hajatoka nyumbani. Wa Mombasa ndiye atakayeona tofauti.

Baada ya pwani ya Moroko ikaja Atlantiki. Karibu na visiwa vya Azores mama akaitazama ramani kwa muda. "Hii ndege imesimama?"

"Hapana, mama. Upepo unatoka mbele."

Huko juu, hasa majira ya baridi, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Injini zinafanya kazi ileile, lakini mwendo wetu juu ya ardhi unapungua. Wakati wa kurudi upepo huohuo unasukuma kwa nyuma, na safari inakuwa ya saa kumi na nne hivi. Kilomita ni zilezile.

Tulitua JFK asubuhi, kungali giza. Ilikuwa Januari, tofauti ya saa nane. Nairobi ilikuwa imeshakula chakula cha mchana. Mama aliomba nimrekebishie saa ya mkononi, kisha akabadili mawazo: "Iache. Nitajuaje wakati wa kuwapigia wa nyumbani?"

Kurudi ndiko kwa dirisha. Ndege huondoka mchana, usiku unapita upesi, na kunakucha ungali juu ya ukingo wa kusini wa Sahara. Mchanga ule niliourukia gizani nikauona mwekundu, ukianza kuingiliwa na vichaka kadiri tulivyokaribia Sudani.