Diski Isiyoonekana: Desemba ya Mwaka 2022 Mjini Moshi

Desemba ya mwaka 2022, wiki mbili hivi kabla ya Krismasi, kaka yangu alinitumia kompyuta mpakato mpya kutoka Arusha kwa basi la mchana. Niliipokea stendi ya Moshi, nikapanda daladala hadi Kiboriloni nikiwa nimeipakata, na boksi lile sikulifungua mpaka nilipokwisha kunawa mikono na kufuta meza. Kaka alikuwa amedunduliza fedha zake kwa miezi mingi. Hadi wakati huo masomo yangu ya mitandao niliyafanya kwenye kompyuta za maabara ya chuo, ambazo wanafunzi tulizitumia watatu watatu.

Mfumo endeshi nitakaouweka nilikuwa nimeshauchagua siku nyingi. Wenzangu karibu wote walitumia Windows, wachache Linux; mimi niliitaka OpenBSD, ambayo Theo de Raadt aliianzisha nchini Kanada mwaka 1995 baada ya kutengana na wenzake wa mradi wa NetBSD, mfumo endeshi mwingine wa ukoo huohuo. Sababu yangu ya kwanza ilikuwa OpenSSH, programu tuliyoitumia kila siku chuoni kuingia kwenye seva zilizo mbali, nayo ilizaliwa ndani ya mradi huo mwaka 1999. Sababu ya pili ilikuwa na uzito zaidi kwangu. OpenBSD huja na kurasa zake za mwongozo ndani ya diski, zimeandikwa kwa uangalifu, na watengenezaji wake huhesabu kosa katika mwongozo kuwa ni kosa la mfumo wenyewe. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa kifurushi cha wiki, mfumo unaojieleza bila mtandao ni mali, na mpaka leo nashangaa kwamba jambo hili halitajwi sana watu wanaposhauriana kuhusu mifumo.

Toleo la 7.2 lilikuwa limetoka Oktoba ya mwaka huo. Nililipakua katika steshenari moja karibu na stendi, nikaliandika kwenye flashi yangu ya gigabaiti 16, nikarudi nyumbani. Halikuwaka. Nilikuwa nimechukua faili la .iso, ambalo ni la kuchomwa kwenye CD, badala ya lile la .img lililotengenezwa kwa ajili ya flashi, kwa hiyo kesho yake nikarudi mjini. Nilipopata faili sahihi, kompyuta ikalikataa kwa sababu ya Secure Boot, ulinzi unaoruhusu tu mifumo iliyotiwa saini inayotambuliwa. Nao ulikataa kuzimwa hadi nilipoweka kwanza nywila ya msimamizi ndani ya BIOS, programu ya kompyuta yenyewe inayoamka kabla ya mfumo endeshi. Hayo yote yalichukua siku mbili, lakini hayakuniumiza kichwa, maana kila kosa lilikuwa na sababu inayoonekana.

Usiku wa siku ya tatu flashi iliwaka. Maandishi meupe yalishuka kwa kasi juu ya rangi ya buluu, kisha programu ya usakinishaji ikaanza kuniuliza maswali yake mafupi: aina ya kibodi, jina la kompyuta, nywila ya mtumiaji mkuu. Ilipofika kwenye swali la diski, ilinionyesha diski moja tu, sd0, yaani diski ya kwanza iliyoiona, na kwa kuwa ndiyo iliyopendekezwa, nilibonyeza Enter. Nikabonyeza tena kukubali itumike diski nzima, na tena kukubali mgawanyo wake. Kisha ikaniuliza mafaili ya mfumo yako wapi, nikajibu kwamba yako kwenye diski, nayo ikatafuta na kuniambia hayapo. Nilijaribu mara nne. Nilipoizima na kuiwasha upya, flashi haikuwaka tena. Programu ile ilikuwa imekwisha kujipakia yote ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo haikuwa na kizuizi chochote cha kuifuta flashi ilikotoka, na mimi mwenyewe ndiye niliyeiagiza ifanye hivyo.

Asubuhi yake nilirudi steshenari kuiandika flashi upya, na usiku nilipofika tena kwenye swali lile nikaona tena sd0 peke yake. Safari hii nilielewa kwamba sd0 ni flashi, na hapo ndipo nilipofanya kosa ninalolijutia kuliko la flashi. Niliamini kwamba diski ya ndani imekufa. Nilimpigia kaka simu.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Vipi, mashine inakwendaje?”

Nilimwambia kwamba amepigwa, kwamba diski ya kompyuta aliyouziwa ni mbovu, na kwamba ingefaa airudishe dukani kabla siku hazijapita. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza swali moja: “Ulipoiwasha mara ya kwanza, Windows haikuwemo?” Nilijibu kwamba ilikuwemo. “Sasa ilikuwa imekaa wapi?” Hakusema zaidi, aliniambia nimsalimie mama, akakata.

Kipindi hicho kulikuwa na mgao wa umeme, na usiku ule ulikatika mapema. Betri ya kompyuta ilikuwa imejaa, basi nilikaa mezani na mshumaa, nikawasha flashi, na mahali pa kuanza usakinishaji nikachagua herufi S, inayokupa nafasi ya kuandika amri mwenyewe. Nikaandika dmesg, nikiipitisha kwenye more ili ijitokeze ukurasa kwa ukurasa. Hiyo ndiyo taarifa ambayo kiini cha mfumo huitoa kila kinapoamka, kikitaja kimoja kimoja kila kifaa kilichokuta: kichakataji, kumbukumbu, milango ya USB, kibodi. Ndiyo yale maandishi meupe niliyoyaacha yapite mara zote nikisubiri swali la kwanza. Nilichukua daftari la chuo nikayanakili kwa kalamu, mstari baada ya mstari, kwa kuwa nilijua nikiyasoma kwa macho tu nitaruka.

Kwenye mstari wa sd0, mfumo ulikuwa umeandika tangu mwanzo kwamba ni kifaa cha kuchomekwa na kuchomolewa, chenye ukubwa wa megabaiti elfu kumi na nne na ushei. Diski ya ndani ilitakiwa kuwa ya gigabaiti 512. Wala hakukuwa na mstari wowote wa nvme, jina ambalo diski za aina ile hujitambulisha nalo. Lakini juu kidogo palikuwa na mstari nilioukuta wa ajabu: kifaa cha Intel, bidhaa isiyojulikana namba 9a0b, jamii ya uhifadhi, tawi la RAID (mbinu ya kuunganisha diski kadhaa zitumike kama moja), na mwisho wake maneno mawili yanayomaanisha kwamba hakijasanidiwa. Nilipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mfumo haukuwa umesema kwamba hakuna diski. Ulisema kwamba kuna kitu cha kuhifadhia ambacho haukujua namna ya kuzungumza nacho.

Nilitumia kiasi kilichobaki cha kifurushi changu kuitafuta namba ile kwenye simu. Ilikuwa ya Volume Management Device, kidhibiti ambacho Intel wamekiweka ndani ya kichakataji cha kizazi cha 11 kama kile cha kompyuta yangu. Kikiwashwa, hujiweka mbele ya diski kama bawabu: diski haionekani tena kwenye orodha ya kawaida ya vifaa, na mfumo usio na kiendeshi cha bawabu huyo, yaani programu ya kuzungumza naye, huona mlango tu bila kuona chumba. Windows iliyokuja na kompyuta ilikuwa na kiendeshi hicho, ndiyo maana ilikaa humo bila tabu. Swali la kaka lilikuwa limejibiwa.

Tatizo likawa namna ya kukizima. Nilipekua kurasa zote za BIOS nisione mahali kilipotajwa. Mtengenezaji alikuwa amelificha chaguo hilo, na halikujitokeza mpaka nilipokuwa kwenye ukurasa wa kwanza nikabonyeza Ctrl na S kwa pamoja. Sijaona sababu nzuri ya kumficha mwenye mali kitu kinachoamua kama diski yake itaonekana au la. Walau mwongozo wa kijitabu ungetaja. Nilijua pia kwamba nikikizima, Windows iliyokuwemo huenda isiwake tena, lakini nilikuwa nimekwisha kukubali kuifuta. Nikakizima, nikahifadhi, nikawasha upya.

Orodha ilipokuja, nvme0 ilikuwemo, na chini yake sd0 yenye megabaiti 488386. Flashi ilikuwa imesogea na kuwa sd1. Nilisoma mistari hiyo mara mbili kwa sauti kabla ya kujibu swali la diski, na usakinishaji uliobaki ulimalizika kabla mshumaa haujafika nusu.

Kilichobaki kilikuwa Wi-Fi. Kiendeshi chake, iwx, kiliiona kadi, lakini kilishindwa kusoma fimwea, yaani programu ndogo ambayo kadi yenyewe huhitaji kupakiwa ili ifanye kazi. Kwa sababu za leseni, fimwea za namna hiyo hazimo kwenye faili la usakinishaji. Amri ya fw_update huzichukua mtandaoni, na mtandao wenyewe ndio niliokuwa naukosa. Hapo sikumpigia mtu simu. Niliufungua mwongozo, nikatafuta, nikakuta kwamba simu ya Android ikiunganishwa kwa waya wa USB na kushirikisha intaneti yake, OpenBSD huiona kama kadi ya mtandao iitwayo urndis0. Asubuhi niliongeza kifurushi, nikachomeka waya, nikaandika ifconfig urndis0 inet autoconf, kisha fw_update. Baada ya kuwasha upya, taa ya kadi ilikuwa imewaka.

Kaka alipofika siku mbili kabla ya Krismasi, nilimwomba radhi mbele ya mama kwa maneno niliyomwambia kuhusu duka na fedha yake. Alitaka aonyeshwe diski ilipokuwa imejificha, nikamfungulia daftari kwenye ule mstari mwekundu.

Watengenezaji wa OpenBSD huwaomba watumiaji wawatumie nakala ya dmesg ya kompyuta zao, ili wajue mfumo wao unakutana na vifaa gani huko uliko. Jioni ile, kaka akiwa ameketi pembeni yangu, niliitoa taarifa hiyo upya, nikaisoma mwanzo hadi mwisho, nikaandika juu yake aina ya kompyuta, na nikaituma.