Chati ilisema anahara

Nilikuwa nimetoka mapumziko ya siku nne, nikirudi zamu kwenye nyumba tunakohudumia watu wenye ulemavu wa akili. Makabidhiano ya zamu yalifanyika saa nane mchana, jikoni, tena kwa haraka: watatu wazima, mmoja ana miadi ya macho kesho, na Saidi "tabia imerudi, halafu anahara". Saidi si jina lake, lakini nitamwita hivyo. Asubuhi ile alikuwa amejing'ata kifundo cha mkono mara mbili, amesukuma meza na kukataa viatu. Dawa ya kutuliza, ile inayotolewa inapohitajika tu, alikuwa ameshapewa mara mbili ndani ya siku tatu. Na kwa kuwa anahara, alizuiwa kwenda kituo chake cha mchana hadi zipite saa 48 bila choo cha maji, kama utaratibu wa kuzuia maambukizi unavyotaka. Kwa Saidi, kukosa kituo ni adhabu ambayo hajui kosa lake.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye maneno kama kumi na ishara za mikono zipatazo ishirini, nusu yake kazitunga mwenyewe. Mtu wa namna hiyo akishaandikiwa neno "tabia", mjadala umekwisha. Kila kinachofuata hutupwa kwenye kapu hilohilo: asipokula ni tabia, asipolala ni tabia. Wengi tunaofanya kazi hii tumewahi kuliandika neno hilo pale ambapo tungeandika "sijui".

Kilichonishtua kwanza ni mkanda wake. Kila siku aliufunga tundu la nne, tundu lililochakaa hadi likawa pana kuliko mengine. Siku hiyo alikuwa kwenye tundu la pili, na juu ya mkanda shati lilikuwa limevutwa na tumbo. Mtu anayehara siku tatu na kula kidogo hupungua tumbo. Huyu lilikuwa limeongezeka.

Nikaenda kwenye chati ya choo. Tulikuwa tunatumia ile ya Bristol, yenye aina 7: aina 1 ni vigololi vigumu kama vya mbuzi, aina 4 ni choo laini kilichoshikana, aina 7 ni maji matupu. Nikasoma kurudi nyuma. Aina 7, mara nne kwa siku, kwa siku tatu. Kabla ya hapo visanduku vitano vitupu. Kabla yake aina 1, kidogo. Choo cha mwisho cha kawaida kilikuwa na siku tisa.

Visanduku vitupu ndivyo vilivyotuponza. Saidi huenda chooni peke yake na anapenda sana kuvuta maji. Akitoka hakuna cha kuangalia. Basi kisanduku kitupu kingeweza kumaanisha hakwenda, au alikwenda na hatukuona, au mhudumu alisahau kujaza. Mambo matatu tofauti kabisa, alama moja. Kila zamu ilijisomea ile maana iliyoipa amani.

Na lile la maji halikuwa kuhara. Choo kikikaa sana kwenye utumbo mpana, mwili huendelea kufyonza maji yake hadi kikawa donge kavu. Utumbo hutanuka, na ukikaa hivyo muda mrefu, hata ile hisia ya kutaka kwenda hufifia. Nyuma ya donge, choo laini kinaendelea kushuka, kinatafuta upenyo pembeni na kuvuja bila mwenyewe kujua. Anayehara kwa maambukizi kwa kawaida hutoa kingi na hukimbilia choo. Anayevuja hutoa kidogo, mara nyingi, kwenye nguo ya ndani, hata akiwa amelala. Kwenye daftari la nguo chafu kulikuwa na suruali saba za ndani kwa siku mbili, na shuka moja. Hakuna mwingine ndani ya nyumba aliyeugua.

Mpango wake wa huduma ulisema wazi: choo kikiwa cha maji, simamisha dawa ya kulainisha. Wenzangu walifuata. Siku tatu donge likakaa bila hata ile dawa kidogo aliyozoea, na juu yake akapewa ya kutuliza, ambayo kazi yake mojawapo isiyotakiwa ni kupunguza mwendo wa utumbo. Sitawalaumu, waliandikiwa kosa, wakalitekeleza vizuri.

Chanzo nilikikuta kwenye karatasi ya dawa. Siku 16 nyuma, dawa ya kupunguza mate ilikuwa imeongezwa, maana alikuwa anadondosha sana. Dawa za kundi lile hukausha mdomo, na utumbo nao huupunguzia mwendo. Chati ya vinywaji ikaongeza lake: mililita 700 kwa siku, na lengo lake lilikuwa 1,500.

Kumuuliza Saidi "inauma?" hakusaidii. Atasema ndiyo. Ukimuuliza "haiumi?" atasema ndiyo vilevile, kwa sababu miaka yote amejifunza kwamba ndiyo huwafurahisha watu. Nikakaa chini yake kidogo, nikashika tumbo langu, nikafanya ishara yake ya kuumia, ile ya kukunja vidole viwili, halafu nikanyamaza. Kunyamaza ni kugumu kuliko inavyosikika. Kwake inabidi uhesabu hadi kumi na tano. Akauchukua mkono wangu akauweka chini upande wa kushoto. Pale palikuwa pagumu kama kiti.

Kabla ya kupiga simu kuomba aonwe na daktari niliangalia mambo ambayo yangenifanya niite gari la wagonjwa moja kwa moja: kutapika, hasa rangi ya kijani, homa, tumbo lililojaa na lisilotoa hewa kabisa, ulegevu usio wa kawaida. Utumbo ukiziba kabisa au ukipasuka, ni suala la saa. Hewa alikuwa anatoa, na kwa sauti.

Simu nayo ina namna yake. Nikianza na "anajing'ata, anahara", jibu litakuwa apewe maji mengi na apumzike. Na kweli, aliyepokea alipoona tayari kuna neno kuhara kwenye taarifa ya asubuhi, ndivyo alivyoanza. Nikampangia upya: kawaida yake ni choo aina 4 kila baada ya siku moja au mbili, sasa siku ya tisa, kinachotoka ni maji machache ya kuvuja, tumbo gumu kushoto chini, mkanda umelegezwa matundu mawili, dawa ya mate imeongezwa siku 16 zilizopita. Jioni hiyohiyo akaonwa. Safari tuliitayarisha kwa picha tatu mfululizo: gari, kitanda cha daktari, nyumbani. Ile ya tatu ndiyo iliyomtoa mlangoni.

Daktari alithibitisha donge na kuandika makrogoli, dawa ya unga ya kulainisha choo, kwa kipimo cha kuzibua: pakiti 8 kwa siku, kila moja kwenye mililita 125 za maji, zote ziishe ndani ya saa sita, kwa muda usiozidi siku tatu. Suala la dawa ya mate lingefuata baadaye. Tulidhani kazi imebaki kunywesha tu.

Saidi humeza kwa shida, kwa hiyo vinywaji vyake vyote hutiwa unga wa kuvifanya vizito, visimwendee njia ya hewa. Nilichanganya pakiti ya kwanza, nikatia vijiko vya unga kama tulivyofundishwa, nikakoroga, nikaweka kikombe pembeni nitafute kitambaa. Niliporudi nikakiinamisha. Kilichokuwa kizito kama asali kilikuwa kimerudi kuwa maji. Kikatiririka ukingoni bila hata kushika kijiko. Ule unga wetu ulikuwa wa wanga, na makrogoli huuvunja unga wa wanga. Ningempa vile, tungetoka kwenye tumbo tukaingia kwenye kifua. Mfamasia alipopigiwa alisema tubadilishe tuchukue unga wa zantani, ambao si wa wanga, tukoroge, tusubiri, kisha tujaribu uzito kwa uma kabla ya kila kikombe. Tukaanza saa mbili usiku badala ya saa kumi na mbili.

Kilichobaki ni kukaa naye. Dakika ishirini hivi baada ya kula, wakati utumbo wenyewe unaamka, kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, viwiko mapajani, mlango umerudishwa bila kufungwa, na si zaidi ya dakika kumi, maana akichoka atakichukia choo. Tuliweka kipande cha mkanda wa gundi kwenye kishikio cha kuvutia maji. Alikiangalia kwa hasira siku nzima.

Usiku wa pili, saa tisa, alinivuta kwa mkono. Vigololi kwanza, kisha donge, kisha kingi. Nikabandua gundi, akavuta maji mara tatu. Mkono wake haukuguswa na meno tena wiki ile.

Chati ikabadilishwa: hakwenda, alikwenda hakikuonekana, na mhudumu hakuwepo, kila kimoja na alama yake. Kwenye mpango, sentensi ya kusimamisha dawa ikaongezewa maneno: hakikisha kwanza choo cha mwisho cha kawaida kilikuwa lini. Dawa ya mate ikarudishwa kipimo cha zamani. Mate yakarudi, na taulo ndogo ya begani ikarudi nayo, tukawa tunaibadilisha mara sita kwa siku.